Waranti ya nyongeza: mambo ya kujua kabla ya kununua friji au friza ng'ambo ya mpaka

Mchuuzi wa samaki au mwenye duka la soda kutoka Masafu akivuka hadi Busia upande wa Kenya kununua friza, huwa amejiandaa kwa bei moja. Anapatana, anakubali, anatoa pesa. Hapo ndipo muuzaji anapomtajia bei ya pili: waranti ya nyongeza ya miaka miwili au mitatu, ambayo anaambiwa ni lazima, au ni ya leo tu, au bila hiyo hakuna fundi atakayeshughulikia mashine hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mnunuzi wa Tororo anayepitia Malaba, na kwa Mkenya anayevuka kununua upande wa Uganda. Makala hii inaeleza waranti ya nyongeza ni nini, kwa nini mara nyingi hupungua thamani bidhaa ikivuka mpaka, na namna ya kumjibu muuzaji anayesukuma bila kugombana naye.

AINA TATU ZA ULINZI

Mnunuzi wa kifaa cha umeme cha nyumbani anaweza kuwa na ulinzi wa aina tatu. Wengi huzichanganya, na wauzaji wengine hufaidika na mchanganyiko huo.

1. Haki za kisheria. Hizi zinatokana na sheria ya mauzo ya nchi ambako bidhaa imenunuliwa. Hazilipiwi.

2. Waranti ya mtengenezaji. Hii huja na bidhaa, na gharama yake iko ndani ya bei. Kwa friji na friza huwa mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Imeandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya boksi.

3. Waranti ya nyongeza. Huu ni mkataba tofauti unaolipiwa pesa za ziada. Unaweza kutoka kwa duka lenyewe, kwa mtengenezaji, au kwa kampuni ya bima.

Swali la kwanza ni muda unahesabiwa kuanzia lini. Muuzaji akisema "miaka mitatu", mara nyingi mwaka wa kwanza ni ule ule wa mtengenezaji, kwa hiyo mnunuzi analipia miwili tu. Isitoshe, kibandiko cha "miaka 10" kwenye mlango wa friji kwa kawaida kinahusu kompresa peke yake. Mnunuzi aulize kama gesi, kazi ya fundi na usafiri wa kupeleka na kurudisha mashine vimo. Mara nyingi havimo.

HAKI AMBAZO HAZINUNULIWI

Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Friza isiyogandisha haitimizi sharti hilo, hata kama muuzaji hakutoa ahadi yoyote. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa hiyo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza masharti ya mkataba yanayojaribu kuziondoa haki hizo kwa mtu anayenunua kwa matumizi yake ya nyumbani. Kwa hiyo bango lenye maneno "Mali ikiuzwa hairudishwi" halimalizi mambo pale bidhaa ilipokuwa mbovu tangu mwanzo.

Upande wa Uganda, sheria ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya mauzo, nayo pia inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora na inayofaa kazi yake.

Kuna mipaka miwili ya kukumbuka. Kwanza, mnunuzi asikae kimya. Akitambua kasoro kisha akaendelea kutumia mashine kwa muda mrefu bila kulalamika, atahesabiwa kuwa ameikubali. Pili, anayenunua ili auze tena, au kwa kazi ya biashara, hapati ulinzi wote wa mtumiaji wa nyumbani. Anabaki na sheria ya mauzo pamoja na kile alichokubaliana na muuzaji kwa maandishi.

MPAKA UNABADILISHA HESABU

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa mwaka 2005. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na tangu hapo ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Lakini hakuna kati ya hayo kinachomlazimisha mtengenezaji au duka la Kenya kuhudumia waranti yake nchini Uganda. Friza inaweza kuvuka kwa saa chache huku waranti yake ikiishia mpakani.

Kadi nyingi za waranti hutaja nchi ambamo zinatumika. Jina la kampuni laweza kuwa moja Nairobi na Kampala, lakini wasambazaji ni wawili tofauti. Yule wa Kampala anaweza kukataa kwa sababu si yeye aliyeingiza mashine hiyo, na namba yake ya usajili haimo katika vitabu vyake.

Kwa mkazi wa Masafu maana yake ni hii: mashine ikiharibika, inabidi irudi Kenya. Ikiwa kituo cha huduma hakiko Busia bali Kisumu, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani, kwenda tu. Nauli ya pikapu kwenda na kurudi, pamoja na siku ambazo samaki wanakosa pa kuhifadhiwa, inaweza kuzidi gharama ya kumwita fundi wa karibu.

Kisha kuna karatasi za forodha. Mfumo rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani kwa shehena moja, unasamehe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Friza iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Kenya. Ikiingia Uganda ina kodi zake, na risiti za kodi hizo zinapaswa kutunzwa.

Aliyepitisha friza yake njia za panya ili kukwepa kodi amejifungia mlango wa waranti. Siku ya kuirudisha kwa matengenezo atalazimika kuvuka na mashine isiyo na karatasi, mara mbili, na inaweza kukamatwa kwenda au kurudi. Mtu wa namna hiyo akilipia waranti ya nyongeza, amelipia kitu asichoweza kukitumia.

MAMBO YASIYOLIPWA

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome sehemu ya mambo ambayo waranti haigusi. Yale yanayowaumiza zaidi watu wa mpakani ni haya:

- Matumizi ya biashara. Waranti ya kifaa cha nyumbani mara nyingi hufutika kikitumika dukani, hotelini au kwenye biashara ya samaki. Wanunuzi wengi wa friza wa Masafu, Lumino na Majanji wako katika kundi hili.

- Umeme kupanda na kushuka. Kenya na Uganda zinatumia umeme wa volti 240, kwa hiyo mashine ya upande mmoja inafanya kazi upande wa pili. Lakini uharibifu unaotokana na umeme kukatika na kurudi kwa nguvu huwa haulipwi.

- Uharibifu wa njiani. Mlango uliopinda au bomba lililopasuka katika usafiri si kasoro ya kiwanda.

- Fundi asiyeidhinishwa. Mashine ikifunguliwa na fundi wa mtaani hata mara moja, waranti inaweza kukatika.

- Mnunuzi wa pili. Baadhi ya waranti humhusu tu mtu aliyeandikwa kwenye risiti.

Sharti la mwisho ni zito kwa anayenunua ili auze. Friza ikikaa miezi sita ghalani Masafu, miezi sita ya waranti imekwisha kabla ya mteja kuiwasha. Tena mteja huyo hatavuka kwenda kumtafuta mwenye duka Kenya. Atarudi kwa aliyemwuzia, na kwa sheria ya Uganda huyo ndiye muuzaji wake. Mfanyabiashara asimwahidi mteja "miaka mitatu" kwa kutegemea karatasi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuidai.

NANI ANASIMAMA NYUMA YA AHADI

Waranti ya miaka mitatu inadumu ikiwa aliyeitoa atakuwepo miaka mitatu. Historia ya maduka makubwa ya eneo hili inatoa funzo. Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt, iliyokuwa na matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na kuuza pia vifaa vya umeme, iliingia katika matatizo ya madeni mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Duka likianguka, mwenye karatasi ya ahadi ya duka hugeuka kuwa mdai mmoja kati ya wengi.

Ndiyo maana ni muhimu kuuliza: "Kampuni gani italipa?" Ikiwa ni mtengenezaji, uliza msambazaji wake nchini Uganda ni nani. Ikiwa ni bima, kampuni hiyo inapaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya bima ya nchi husika. Ikiwa ni duka lenyewe, pima umri na nguvu ya duka.

JINSI WAUZAJI WANAVYOSUKUMA

Kijana wa kaunta mara nyingi hupata kamisheni kwa kila waranti anayouza. Akikazana, yuko kazini, na hakuna haja ya kumkasirikia. Lakini ni vizuri kuzijua mbinu na majibu yake.

Anasema: "Mama, bila hii waranti hakuna fundi atakayekuja."
Jibu: "Kijana, nionyeshe kadi ya mtengenezaji. Mwaka wa kwanza unasemaje?"

Anasema: "Bei hii ni ya leo tu, boss."
Jibu: "Niandikie bei na masharti. Nitasoma nyumbani, nikiridhika nitarudi."

Anasema: "Wateja wote wanachukua."
Jibu: "Mashine hii inakwenda Masafu, Uganda. Niandikie kwenye risiti, upige na muhuri, kwamba itahudumiwa kule."

Jibu hili la mwisho ndilo linalomaliza mazungumzo mengi. Muuzaji akikubali kuandika, mnunuzi amepata kitu cha maana. Akikataa, amekwisha kueleza thamani ya waranti yake.

Mbinu nyingine ni kuiingiza waranti kwenye hesabu kimya kimya, hasa kwa wanaonunua kwa malipo ya kidogo kidogo. Mnunuzi asome risiti mstari kwa mstari kabla ya kutoa pesa au kubonyeza namba ya siri ya simu. Akikuta kitu hakukiomba, aseme "Toa hii" na asubiri risiti mpya.

Tatizo hili si la mpakani tu. Uingereza ilifanya uchunguzi kuhusu waranti za nyongeza za vifaa vya umeme vya nyumbani, na mwaka 2005 ikaweka kanuni. Maduka yalitakiwa kuonyesha bei ya waranti pamoja na bei ya bidhaa, kushikilia bei hiyo kwa siku 30 ili mnunuzi apate muda wa kulinganisha, na kumruhusu aliyenunua kubadili mawazo ndani ya siku 45 na kurudishiwa pesa. Mnunuzi wa Busia anaweza kujiwekea kanuni kama hiyo mwenyewe: asilipe waranti siku ile ile anayolipa mashine.

HESABU YA MFANO

Tuseme friza moja ni Sh 60,000 za Kenya, na waranti ya miaka miwili zaidi ni Sh 7,000. Mfanyabiashara ananunua friza 10. Waranti peke yake itakuwa Sh 70,000, yaani zaidi ya bei ya friza nzima.

Tuseme tena kwamba friza tatu kati ya hizo zinaharibika katika miaka hiyo miwili, na kila moja inatengenezwa kwa Sh 15,000. Jumla ni Sh 45,000. Bado amebaki na Sh 25,000, bila kusafirisha chochote hadi Kenya. Tarakimu za kila mtu zitatofautiana, lakini hesabu ifanywe kwa njia hiyo hiyo: bei ya waranti, ongeza nauli ya kwenda na kurudi, kisha linganisha na gharama ya fundi.

Kuna jambo jingine katika hesabu hii. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, wakati waranti ya mtengenezaji bado inafanya kazi. Uchakavu huja baadaye sana. Miaka ya kati, ambayo ndiyo waranti ya nyongeza inaifunika, mara nyingi ndiyo yenye matatizo machache.

Pesa hizo zinaweza kufanya kazi nyingine. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mbaya, ambacho husubiri dakika chache kabla ya kuwasha kompresa umeme unaporudi, kinazuia uharibifu ule ule ambao waranti hukataa kuulipa. Kinachobaki kiwekwe kando kwa ajili ya fundi.

LINI INAFAA KULIPA

Waranti ya nyongeza si hasara kila mara. Inaweza kufaa ikiwa mambo haya yote yapo:

- Mtoa waranti ana kituo cha huduma upande ambako mashine itatumika, na hilo limeandikwa.
- Matumizi ya biashara yanakubaliwa kwa maandishi, kama mashine ni ya biashara.
- Vipuri, kazi ya fundi na usafiri vimo ndani ya bei.
- Mashine ni ya bei kubwa au ina sakiti za kielektroniki ambazo fundi wa karibu hawezi kuzitengeneza.
- Duka linakubali kuiuza baadaye, kabla waranti ya mtengenezaji haijaisha.

KWA WASAFIRISHAJI

Mwenye pikapu, kanta au mkokoteni anaingia katika suala hili hata kama hakuuza kitu. Mashine isipowaka, muuzaji atasema iliharibika njiani na mnunuzi atamgeukia dereva. Ili kujikinga:

- Mashine iwashwe dukani kabla ya kupakiwa. Mnunuzi awepo.
- Hali ya boksi na mashine iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, na pande zote zitie sahihi.
- Friji na friza zisafirishwe zikiwa wima. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Ikiwa haikuepukika, iachwe ikisimama kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.
- Ikiwa mzigo una bima ya usafiri, dereva ajue inaanzia na kuishia wapi.
- Mashine mbovu inayorudishwa ng'ambo isibebwe bila nakala ya risiti, kadi ya waranti na karatasi za forodha za mara ya kwanza. Mwenye mali aone maofisa wa forodha kabla ya kuvuka ili namba ya mashine iandikwe kuwa imetoka kwa matengenezo. Vinginevyo ikirudi inaweza kutozwa kodi kama bidhaa mpya.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti halali ya kodi, kadi ya waranti yenye muhuri na tarehe, na picha ya namba ya mashine vitunzwe pamoja. Maandishi ya risiti nyingi hufifia, kwa hiyo itolewe nakala siku ile ile.

Hatua ya kwanza ni kulalamika kwa muuzaji kwa maandishi, mapema. Ikishindikana, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, hupokea malalamiko kuhusu maelezo ya uongo ya wauzaji, pamoja na yale yanayohusu waranti, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Kwa bidhaa bandia au zisizofikia viwango upande wa Uganda, mahali pa kwenda ni Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Mahakama za madai madogo nazo zipo. Za Kenya zilianza kazi mwaka 2021 jijini Nairobi kabla ya kuenea mikoani, na husikiliza madai yasiyozidi Sh milioni moja. Kanuni za Uganda za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha Sh milioni 10 za Uganda. Pande zote mbili mtu anaweza kujitetea bila wakili. Lakini duka lililoko Kenya kwa kawaida litashtakiwa Kenya, na hiyo ni safari nyingine ya kuingizwa kwenye hesabu.

KWA KIFUPI

Kabla ya kulipia waranti ya nyongeza, mnunuzi wa mpakani apate majibu ya maswali matano, yote kwa maandishi:

1. Inaanza lini na inaisha lini?
2. Inafanya kazi nchi gani, na kituo cha karibu kiko wapi?
3. Nani analipa: duka, mtengenezaji au bima?
4. Je, matumizi ya biashara na mnunuzi wa pili wamo?
5. Nani anagharamia usafiri?

Muuzaji akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, mnunuzi achukue mashine yake na kadi ya mtengenezaji, anunue kifaa cha kulinda umeme, na pesa zilizobaki avuke nazo.